Kiti cha Karibu na Mlango

Afisa ustawi wa jamii ninayekaa naye ofisi moja haachi viti vitulie. Familia ikija na ugomvi wake, huwaacha wajikalie wapendavyo huku yeye akijifanya anatafuta kalamu, kisha huburuta kiti chake, krrr, hadi kwa yule aliyejibanza karibu na mlango. "Na wewe, bibi, unaonaje?" Huuliza polepole, mikono mapajani, na waliokuwa wakifoka hubaki midomo wazi. Nikimlalamikia kwamba anatuchubulia sakafu, hucheka: "Mwenzangu, hiyo ndiyo sosholojia niliyoisomea chuoni."

Jana alikuja baba yake, aliyemnunia tangu binti yake huyo alipokacha masomo ya sheria akaenda kusomea, kwa maneno ya mzee, "kuchungulia watu." Viti vyote vilikuwa vitupu, lakini alijibanza karibu na mlango, kofia magotini. "Nilikuwa napita tu," alisema. Binti hakutafuta kalamu. Aliburuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Shikamoo, baba. Niambie." Mzee aliikunja kofia, akaikunjua. "Tangu mama yako atutoke, mwanangu, sina wa kuongea naye."