Haa za Habiba

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani hapa London, miaka ya tisini mwanzoni, meneja alinikabidhi daftari, kalamu na onyo. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mkaazi wa Kingsbury, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka kama yeye mwenyewe.

"Mama, wewe ni mfereji," akaniambia. "Maji yakiingia machafu, yatoke machafu. Usichuje, usitie sukari. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kusikia nilisikia. Kufuata ndiko kulikonishinda, na ndiyo maana nawasimulia nyinyi vijana mnaofasiri kwa simu mkiwa jikoni kwenu.

Mimi ni Mswahili wa Mombasa, lakini nililelewa Isiolo, jirani na Wasomali wenye asili ya kaskazini, upande wa Hargeisa. Kisomali chao ndicho nilichokulia, na zile sauti za kooni nilizitoa bila taabu. Wateja wa Mogadishu walinicheka lafudhi, eti naongea kama mchunga ngamia, lakini tulielewana. Basi nikajiona nimekimaliza Kisomali chote. Kumbe kusini, kwa wakulima wa mtama wa Baidoa, kuna Kimaay. Ofisini tulikiita lahaja tu. Lahaja gani hiyo! Sauti za kooni hamna, vitenzi vina njia zao, na asiyekaa nao haambulii kitu.

Habiba alitoka huko. Nilipelekwa kumfasiria kwa wakili wake, huko Stratford, aandikishe maelezo ya kuomba hifadhi. Tulifanya kwa zamu: wakili anauliza na kunyamaza, nafasiri, Habiba anajibu na kunyamaza, nafasiri. Akisema kwa urefu niliokota neno hapa na pale, mengine nikayashona mwenyewe kwa niliyoyasikia kwa wateja wengine. Akiulizwa kwa ufupi alijibu "haa", yaani ndiyo. Mumeo aliuawa? "Haa," akafuta machozi. Mwisho wa karatasi kulikuwa na mstari wa kuthibitisha kwamba mteja na mkalimani wameelewana. Tukatia saini wote wawili. Maelezo yalikuwa yaende serikalini Jumatatu.

Tulipotoka, kituoni pa basi, Habiba akakutana na mwanamke wa kwao. Loo! Mama wa neno moja moja akafunguka, akacheka, akapiga makofi, nami nimesimama na mwavuli wangu sielewi hata chembe. Yule mwenzake alipopanda basi, nikamwuliza Habiba kwa Kisomali changu, makusudi, "Wewe ni mke wa mfalme?"

Akanitazama kwa heshima zote. "Haa."

Asubuhi yake, Ijumaa, nikaenda kwa meneja. "Nimeharibu. Yule mama hakunielewa, na mimi sikumwelewa."

"Na saini umetia?"

"Nimetia."

"Mama, ukisema hivyo watakuuliza na kazi zako zote za nyuma. Utakula wapi?"

"Acha waulize. Karatasi ile isiende."

Akashika kichwa, kisha akachukua simu kumpigia wakili. Mkalimani wa Kimaay hatukuwa naye. Nikamkumbuka Bi Zainabu, jirani yangu wa Kilburn, ajuza wa Barawa, pwani ya Somalia. Kwao husema Chimwini, ndugu wa Kiswahili chetu, na Kimaay alikijua tangu utoto. Kiingereza ndicho hakijui. Jioni ile tukafanya ukalimani wa kupokezana: Habiba kwa Bi Zainabu, Bi Zainabu kwangu, mimi kwa wakili. Ukurasa baada ya ukurasa ukafutwa. Tukafika kwenye habari za mume.

Bi Zainabu akasikiliza, akanigeuzia macho makali. "Nani kamwua? Aliyekufa ni kaka yake. Mume yu hai, kambini Dadaab, na mguu mbovu."

Wakili akaweka kalamu chini. Karatasi ile ingeenda, Habiba angeombaje aletewe mume aliyekwisha kumzika kwa saini yake? Alhamdulillahi, nikasema kwa sauti, mbele ya wote.

Nikataka kujua kwa nini hakuniambia. "Ulikuja na mvua kwa ajili yangu," likaja jibu lake kupitia kwa Bi Zainabu. "Nikwambie usemi wako siujui? Ningekuwa nimemfukuza mgeni mlangoni."

Meneja alinitoa kwenye Kisomali mwaka mzima, na alikuwa na haki. Niliporudi nilikuwa na desturi yangu: kabla ya kufungua daftari, mteja anisimulie wanavyopika chakula cha kwao. Nisipoelewa, nafunga mkoba na kuwaambia watafute mwingine. Hilo si neno linalonijia kwa urahisi, mpaka leo.

Nilistaafu miaka ya elfu mbili, na roho yangu imetulia. Siku ya kuniaga ofisini, Habiba aliingia na sinia la sambusa, nyuma yake mwanamume mrefu akichechemea. Kiswahili alijifunza kambini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama," akasema, "mimi ndio ile maiti yako."

Nilicheka hadi nikakaa, kisha nikalia mbele za watu. Nilipopata pumzi nikamwuliza kama amekula.

"Haa," akajibu kwa adabu.

Habiba akamkatiza kwa Kiingereza chake cha Stratford. "Muongo huyo! Hajala tangu asubuhi."