Daktari Niliyemtunga Chuoni

Katika maandishi yangu yote, ni ukurasa mmoja tu ambao mtu ameukunja akautia kwenye mkoba wake. Niliuandika chuoni, mwaka wa pili, nikitafuta maksi.

Tulikuwa tukisomea uandishi wa mtandaoni na utengenezaji wa tovuti, katika darasa lenye kompyuta ishirini, sita kati ya hizo zikiwa mbovu. Mwalimu wetu, tuliyembatiza Bwana Kitufe, alikuwa na wimbo mmoja: "Mfanye msomaji akuamini." Alitufundisha kuweka juu ya ukurasa sura ya mtu mzima mwenye miwani, chini yake sentensi fupifupi, na namba ya simu pale kidole gumba kinapofika chenyewe. Nilimsikiliza kwa makini kuliko wote. Laiti ningesinzia siku ile.

Kazi ya mwisho ilikuwa kutengeneza tovuti ya huduma yoyote, ya kweli au ya kubuni. Nikabuni daktari anayeponya kisukari bila sindano. Niliusoma ugonjwa wenyewe siku tatu nzima ili niuongelee kama mwenyeji: kiu isiyokatika, uchovu, macho kuona ukungu. Kwa picha nilimwendea mjomba wangu, kaka yake mama, fundi cherehani anayeshona makoti ya wauguzi. Alivaa koti moja ambalo mwenye nalo alikuwa hajaja kulichukua, akakaza uso, akauliza, "Haya, nani mgonjwa hapa?" Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Namba nayo nikaweka yake, kwa sababu Bwana Kitufe alitaka namba inayopokelewa.

Chini ya picha niliandika: "Weka sindano chini. Umechoka, na hakuna aliyewahi kukuuliza." Bwana Kitufe aliisoma mbele ya darasa zima, akanipa tisini na nne. Nilivimba kichwa wiki mbili.

Tovuti haikufutwa na mtu. Nilihitimu, nikapata kazi ya kuandika matangazo ya magodoro, nikaisahau kabisa. Mwaka mmoja baadaye mjomba akanipigia.

"Mpwa wangu, kuna mama ananiita daktari. Nimemwambia amekosea namba, ndio kwanza analia."

Nilicheka. Naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilicheka na kumwambia asijali, wanaopiga watapotea wenyewe.

Hawakupotea. Nilipopita kwake Jumamosi moja, nilikuta benchi limewekwa mlangoni mwa chumba chake cha kazi na watu watano wakingoja zamu. Mjomba alikuwa ndani, amevaa koti jeupe lenye ukubwa wake hasa. Alikuwa amejishonea.

"Mjomba, nini hiki?"

"Wakipiga nawaelekeza huku, nawasikiliza tu," alisema bila kunitazama. "Siwapi kitu chochote. Tangu mke wangu azikwe, nani mwingine amenipigia hodi?"

"Wanaacha sindano. Watakufa."

"Sijamwambia mtu aache."

Hilo lilikuwa kweli. Niliyewaambia ni mimi.

Nikaenda chuoni kuomba ukurasa uondolewe. Bwana Kitufe alikuwa ameshahama, na neno la siri alilijua yeye peke yake. Nilizungushwa siku tisa, ofisi hii mpaka ile, nikagombana na katibu, nikamwomba radhi, nikagombana naye tena. Siku ya kumi asubuhi mafundi wa chuo wakaiondoa tovuti hewani bila hilo neno. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba, moyo umetulia kidogo.

Nilimkuta na mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, vidole bado vina chaki. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Mjomba alikuwa anammiminia maji.

"Mama, sindano umeacha lini?" nilimuuliza kabla hata ya salamu.

"Leo siku ya sita," alijibu kwa fahari.

Nikamwambia yote. Kwamba hakuna daktari, kwamba ilikuwa kazi ya darasani, kwamba mwandishi ni mimi, na kwamba twende hospitali sasa hivi, tafadhali. Maneno yalinitoka marefu, yamevurugika, vile vile Bwana Kitufe alivyotukataza kuandika.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameuchapisha ukurasa wangu.

"Aliyeandika haya anaijua hali yangu," alisema. "Wewe binti, umeugua nini?"

Mjomba akavua koti lake. Hakungoja kufungua vifungo, alilivulia kichwani. "Mama, huyu anasema kweli. Mimi fundi cherehani. Cherehani yangu hiyo hapo."

Yule mama akatabasamu, akashusha kidole mpaka mstari wa mwisho kabisa, akatusomea polepole kama anavyowasomea watoto wake wa darasani: "Ukimuuliza, atakwambia yeye ni mtu wa kawaida tu."

Mstari huo nilikuwa nimeusahau. Niliuongeza dakika za mwisho ili kuziba nafasi iliyobaki wazi.

Alikunja karatasi yake, akairudisha mkobani, kisha akamnyooshea mjomba glasi tupu. Ilikuwa ya tatu tangu niingie.

"Samahani, daktari," alisema. "Niongezee maji."