Mjane wa Ukurasa wa Mwisho

Wanawake wa vitabu vya Kikorea walinifundisha kiburi, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka 2017 nilikuwa mjane, nikisuka nywele mtaa wa Hillbrow, Afrika Kusini, katika saluni ya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Msuko mwembamba huchukua saa tano, na mteja huchoka kukaa. Basi nilikuwa nikinunua riwaya za Kikorea zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, zile kuukuu zinazouzwa kando ya barabara. Nilizisoma kwanza peke yangu, kisha nikawasimulia wateja kwa Kiswahili, vidole vikiendelea na kazi.

Nilianza na hadithi za zamani. Humo mwanamke mwema alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Akifiwa na mume hakuolewa tena hadi kufa kwake, na malipo yake yalikuwa lango la heshima kijijini. Wateja walilia. Wifi naye akafuta macho, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Huyo njo mwanamke!" Mimi nilikasirika kimyakimya. Lango! Mtu ananyimwa maisha, anajengewa mlango wa kupita wengine.

Kisha nikapata riwaya mpya, za waandishi wanawake wa siku hizi. Wanawake ni wale wale, jiko ni lile lile, ila sasa wana hasira na mwandishi yuko upande wao. Moja ilimhusu mjane aliyeupikia ukoo wa mumewe karamu za kuwakumbuka wafu, mwaka baada ya mwaka. Ukurasa wa mwisho anaacha masufuria jikoni, anatoka, anapanga chumba chake mwenyewe. Nilipoumaliza nilipiga makofi peke yangu kitandani.

Lakini wiki ile wifi alikuwa ameniambia kwamba ukoo utakutana Jumapili, nirithiwe na mdogo wa marehemu. Mjane wa Korea ya kale alikatazwa kuolewa. Mimi nilikuwa naamriwa. Huku na kule, mwenyewe hakuulizwa. Nikaogopa. Nilipowasimulia wateja, wifi akisikiliza, nikafika mwisho wa hadithi nikasema yule mjane alirudi jikoni, akaomba msamaha.

Njia ya mwongo ni fupi. Mteja wangu, Mkenya mmoja mwenye ulimi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, alichukua kitabu mezani akafungua nyuma.

"Wacha uongo, dada! Hapa inasema huyu mama alitoka na hakurudi."

Wifi akazima mashine ya kukaushia nywele. "Juu ya nini umetudanganya?"

"Nilikuogopa," nikasema. Ulimi ulikuwa umeshaondoka. "Miye sitaki kurithiwa. Jumapili nitasema vile vile mbele ya wote."

Mkenya akapiga kigelegele, na wateja wengine wakampokea.

Jumapili nilisema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Wazee walinuna. Shemeji, masikini, alishusha pumzi. Naye hakuwa ameulizwa. Siku chache baadaye nilihamia chumba changu, ghorofa ya saba, lifti mbovu, nikapanda ngazi zote nikiimba.

Wifi hakunisemesha wiki tatu. Wiki ya nne alikuja kuketi kwenye kiti cha wateja, akafungua kitambaa cha kichwa, akanikabidhi kitana.

"Nisuke," akasema. "Na ile ya mjane, anza tena. Mwisho wake usiuguse."