Baada ya Mradi Kufungwa

Mwezi uliopita nilitoka mjini nikarudi kijijini kwetu Kinyala kumzika bibi yangu. Mazishi yalipokwisha nikashuka kwenye chemchemi tulikokuwa tukichota maji. Nilikuta tope lililokauka na milingoti, yaani mikaratusi, mirefu ikivuma kwa upepo.

Nilipokuwa msichana mdogo, ndugu yangu, maji yalikuwa yameanza kupungua. Ndipo ukaja mradi. Milingoti iliyokuwa ikiyanywa ikakatwa, kijiji kizima tukapanda mikuyu na miti mingine ya asili. Pamoja na mradi alikuja mtafiti, dada mpole mwenye mabuti ya mvua. Kila mwezi alipima maji, akakagua mche mmoja mmoja, upi umeshika na upi umekufa. Kisha alikaa nasi jikoni kwa bibi, mvua ikipiga bati, moshi ukituumiza macho, tukala ndizi za kupika zilizochanganywa na maharage.

"Kupanda ni siku moja, bibi," alikuwa akisema. "Kufuatilia ndiyo kazi yenyewe."

"Basi uwe unakuja, mwanangu."

Siku ya kufunga mradi alichinjwa ng'ombe. Watu walikula na kupiga picha, lakini yule mtafiti hakugusa chakula. Nilimsikia akimwambia bosi wake, "Visiki vinachipua na miche inakufa. Tuendelee kupima hata miaka michache."

"Fedha zilikuwa za kupanda," bosi alijibu. "Tumeshapanda."

Wakati wa kuagana bibi alimshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo." Dada yule akalia.

Hakuja mwingine. Milingoti ikachipua, ikaizidi miche, na kila mmoja wetu alidhani kuna mtu anayeangalia. Chemchemi ikawa inatoka masika tu, halafu ikakatika kabisa. Tukaanza kushuka mtoni, kwenye njia ya korongo yenye utelezi. Jirani yetu, mama aliyenifundisha kusuka mikeka, alianguka huko akiwa na ndoo kichwani na mimba kubwa. Tulimpandisha kwa machela ya magunia. Hatukufika naye barabarani.

Mume wake bado anaishi palepale, peke yake. Nilipokwenda kumsalimia aliniuliza kama huko mjini wale wa mradi wanajua kwamba maji yalikauka.

"Sijui, baba," nilimwambia.

Akatikisa kichwa taratibu, akachukua ndoo yake, akaanza kushuka korongoni.