AC ya Bosi na Ufundi Wangu

Nilipokuwa nikiomba kazi ya udereva Riyadh, niliulizwa kama najua ufundi wa magari. Nikajibu ndiyo. Ukweli ni kwamba kule Nakuru nilikuwa nikiuza vipuri dukani, na muuza vipuri huzoea kutaja kwa ufasaha vitu ambavyo hajawahi kuvifunga. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikuwa mhadhiri wa chuo aliyeishi na familia yake mtaa wa Al-Naseem; aliniamini. Gari likikohoa tu, naitwa.

Joto lilipoanza kupanda nikanunua chujio jipya la AC, lile bapa linalokaa nyuma ya droo ya dashibodi kuzuia vumbi. La zamani lilikuwa limeshiba mchanga. Nililipeleka hadi sebuleni, nikamwonyesha bosi kama daktari anayeonyesha jino alilong'oa. Kisha nikalifunga jipya kwa dakika tano, na jioni yote nikazunguka uani bila kunawa mikono ili watu waone nilikuwa kazini.

Kesho yake madam, mke wa bosi, akalalamika kwamba upepo hautoki. Nikawasha AC. Feni ilinguruma vizuri, lakini matunduni ilitoka pumzi kidogo, kama ya mtu anayepoza uji. Nikakagua fyuzi, zote nzima. Nikachokoa matundu kwa kijiti. Nikamwambia bosi, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba gesi imeisha.

Gereji ya jirani ilikuwa ya fundi Mpakistani, mtu mpole. Alipima, akasema gesi imejaa, na hewa inayotoka, ingawa ni kidogo, ni baridi. Kwa hiyo shida ni njia ya hewa. Akauliza kuhusu chujio. Nikamwambia ni jipya kabisa, nimelifunga mimi mwenyewe, na mimi pia ni fundi. Kwa heshima ya fundi kwa fundi mwenzake, hakulifungua. Akasema basi huenda mota ya feni imechoka, nirudi juma lijalo aishushe.

Lakini juma hilohilo mama yake bosi alitaka kurudi kwake Jeddah. Yeye haamini ndege, na bosi alikuwa na mitihani ya kusimamia, kwa hiyo nilitumwa kumpeleka kwa gari. Tuliondoka alfajiri. Kufikia saa tano asubuhi jangwa lilikuwa linawaka, na mama, mwenye miaka zaidi ya sabini, amejifunika kitambaa chenye maji usoni. Hakulalamika. Heri angelalamika. Kila nikimtazama kwenye kioo nilijiona muuaji mwenye leseni.

Tuliposimama kwenye kituo cha petroli kabla ya Taif, alihamia kiti cha mbele. Akaweka kiganja kwenye tundu la hewa, akasikiliza.

"Sauti ipo," akasema kwa Kiarabu cha polepole, ili nimwelewe. "Hewa mafi, hakuna. Katikati kuna nini?"

Nikamweleza kwamba katikati kuna chujio, ila hilo ni jipya, na nikaanza kumpa somo la mota. Akaninyamazisha kwa kidole. Mashine yake ya kufagia zulia, alisema, hunguruma hivyohivyo mfuko wake ukiziba.

"Fungua nione."

Nikafungua droo, nikaishusha, nikavuta kifuniko. Chujio likatoka liking'aa. Liling'aa kwa sababu lilikuwa bado limevaa nailoni ya dukani, na maandishi yake juu. Nilikuwa nimelifunga pamoja na mfuko wake. Hewa kidogo tuliyokuwa tukipata ilikuwa ikijipenyeza pembeni.

Kwa kitambo nilifikiria kuificha ile nailoni mfukoni. Mama alikuwa ameshaishika. Akaigeuzageuza, akaniuliza nani aliweka. Nikasema ni mimi. Alicheka mpaka akahitaji kushikilia mlango, na mimi nikarudisha chujio likiwa uchi. Nilipowasha AC, upepo ukampiga usoni hadi shela ikapeperuka.

Njiani nilimwomba asimwambie mwanawe. Akaniahidi. Tulipofika nyumbani kwake, karibu na Balad, mji wa kale wa Jeddah, alikuwa amempigia kabla sijashusha mizigo, kisha akanikabidhi simu.

Bosi aliniuliza, "Kule kwenu ulikuwa unafanya kazi gani hasa?"

"Nilikuwa nauza vipuri, bosi."

Nikajiona uwanja wa ndege, ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, imefutwa, na mke wangu Nakuru akiniuliza imekuwaje.

"Basi vipuri endelea kununua," bosi akasema. "Kufunga, peleka kwa fundi."

Nilidhani aibu ingenila kwa majuma. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyetua gunia. Siku ya tatu pale Jeddah jirani wa mama aliniita nisikilize injini ya gari lake iliyokuwa ikigonga. Nikasikiliza kwa adabu, nikamwambia sijui. Alishukuru, akaenda kumtafuta mtu anayejua, nami nikaingia jikoni kwa mama, ambako chai ilikuwa tayari na wapwa zake wanne walikuwa wakinisubiri niwasimulie habari ya nailoni kwa mdomo wangu mwenyewe.