Angalia Anapotua

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, na simu muweke chini kwanza. Juzi hapa Buswelu nilikuwa barazani nachambua mchele, nikasikia ko, ko, ko, ubao unagongwa. Kumbe ni mjukuu wangu Neema, karudi na mchezo wao wa chesi wa shuleni, anajifunza mbinu. Nikamwona kakumbatia kipande kimoja kiganjani, hataki kukiachia. Nikacheka peke yangu. Ule mlio ulinirudisha Kigongo, kwenye vizibo vya soda.

Wakati huo daraja halikuwapo. Ukitaka kwenda Busisi, ng'ambo ya ziwa, unangoja pantoni, na pantoni ilikuja ilipotaka. Mama yangu aliuza chai na viazi vitamu pale ufukoni. Baba alikuwa ameshafariki. Mbele ya meza ya mama palikuwa na benchi pana, na wanaume walingoja hapo wakicheza drafti iliyochorwa kwa mkaa. Kete zao ni vizibo vya soda: vya huyu vimelala chali, vya yule vimefunikwa. Harufu ya pale ninayo mpaka leo: moshi wa kuni mbichi, dagaa wanaokauka mchangani, na tangawizi.

Wanawake hawakukaa kwenye lile benchi. Mama alimimina chai tu. Lakini macho yake, jamani! Kikombe hakijajaa, yeye ameshaona nani ataliwa. Jioni nyumbani alichora mistari chini, akapanga mahindi upande wake na maharage upande wangu, akanifundisha. Drafti ina sheria moja ngumu: ukiwekewa cha kula, lazima ule, hata kama hutaki. Mbinu zote zinatoka hapo. Unamlisha kete moja, anakula, anatua pale ulipotaka wewe, halafu wewe unakula mbili au tatu.

Mimi nilikuwa mchoyo. Sikutaka kutoa hata harage moja. Mama alinifunga kila jioni. "Unalilia kinacholiwa," alisema. "Usiangalie anachokula. Angalia anapotua." Nikaitikia ndiyo mama, kesho yake nikafungwa vilevile.

Siku moja akaja Mjomba Masanja, mdogo wake mama, kutoka Busisi. Mtu wa kicheko na maneno mengi. Mkewe alikuwa amejifungua, maziwa hayamtoshi mtoto, na hakuna wa kumshika akienda shamba. Akanywa uji, akafuta mdomo. "Dada, nimekuja kumchukua Sabina. Akatusaidie kulea."

Sabina ndiye mimi. Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kuunganisha silabi. Nilisimama nyuma ya mlango, nasikiliza. Nilikuwa najua wasichana wa jirani waliokwenda kulea namna hiyo. Darasani hawakurudi.

Mama hakubisha. Angebisha, wazee wangeitwa, na mbele ya wazee neno la mwanamume lingeshinda. Alitoka nje, akarudi na Madoa, mbuzi wetu wa maziwa. Tulikuwa na huyo mmoja tu, alilala chumba kimoja na mimi, na majani yake nilikata mimi. "Mdogo wangu," mama akasema, "mtoto anataka maziwa. Mchukue huyu."

Kwetu, zawadi ya dada hairudishwi. Ukiirudisha umemtukana. Na mgeni hatoki nyumba moja na viwili, watu watasema alikuja kuteka. Mjomba akakuna kichwa. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. Akapokea kamba kwa mikono miwili. "Asante, dada." Habari ya Sabina haikutajwa tena.

Mnadhani nilifurahi? Nilimchukia mama. Niliona ameshindwa, amemtoa Madoa kwa woga wake.

Asubuhi tukamsindikiza mjomba. Pantoni haijafika. Akamfunga Madoa kwenye mguu wa benchi, akaniona nimenuna. "Njoo, mpwa wangu, nikufunge drafti uache kununa."

"Masanja, unacheza na vitoto sasa?" akasema mzee mmoja. "Wakubwa wamekushinda?"

"Nikikufunga, Madoa anabaki," nikasema.

"Nifunge kwanza, ndipo tuongee."

Alicheza kwa kelele, ko! ko!, huku ananikejeli. "Hiyo nayo ni kete au kipele?" Mimi nilivikumbatia vizibo vyangu nyuma kama kuku na vifaranga, mpaka nikabanwa. Nikamtazama Madoa anatafuna ganda la kiazi. Hasira ikanipanda. Nikarudisha macho kwenye benchi, na safari hii nikatazama pale mjomba angetua. Nikaona. Nikasukuma kizibo kimoja mbele yake. "Chukua na hicho! Si unapenda vya watu!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mkono wa mjomba ukasimama hewani. Na yeye alikuwa ameona. "Ngoja, hapa nilitaka..."

"Kula, Masanja!" yule mzee akapayuka. "Sheria ni sheria!"

Akala. Nikaruka vitatu, ta, ta, ta, nikaingia mstari wake wa mwisho, nikapata kingi. Baada ya hapo hakuwa na mchezo tena. Alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini pantoni ilipopiga honi alipanda na Madoa wake, na mimi nikalia huku watu wananipigia makofi. Mama akanipa chai. "Umeona alipotua?" akauliza taratibu. Nikamjibu nimeona, pale kwenye kona. Akatabasamu, akaendelea kufuta meza.

Shule nilifika darasa la nne, basi, ukame ukatuvuruga. Lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Nilikuwa na binti yangu mwenyewe mgongoni ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuniuliza habari ya vizibo. Alikuwa anamtazama mdogo wake juu ya pantoni, mikono yote miwili kwenye kamba ya mbuzi, na mkono wa kunishika mimi hakuna. Wala hakumdhulumu. Kile kichanga kilikunywa maziwa, kikanenepa.

Neema nilimwambia aachie kile kipande, akaachia. Kisha nikawaita wote wa nyumba hii, wake kwa waume, nikawaagiza: "Hapa hatolewi mtoto shule akalee mtoto wa mtu. Ndugu akija kuomba, mkaribisheni, mpikieni, ale ashibe. Halafu nendeni bandani. Mpeni mbuzi."