Meno Kumi na Moja

Juzi nilimpa mjukuu wangu sindano anitungie uzi. Akaulowesha kwa ulimi, akaupitisha mara moja, akasema, "Tayari, bibi." Nikaipokea, na pale pale nikaona haya kwa jambo la zaidi ya miaka sitini. Ngoja nikusimulie wewe, maana sijapata kumwambia mtu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Gereji ya baba ilikuwa hapa hapa mjini, mtaa wa Malindi, chumba kimoja chenye sakafu nyeusi kwa mafuta, ukuta kwa ukuta na mpika halua. Hadi leo nikisikia harufu ya iliki na zafarani, grisi nayo hunijia puani. Nikitoka chuoni kusoma Kurani nilikuwa nampelekea baba chakula, na nikishafika sitoki upesi, kwa sababu tulikuwa na siri yetu wawili. Macho ya baba yalikuwa hayaoni tena vitu vya karibu. Nambari za spana nilimsomea mimi, nyufa nilimtazamia mimi, kwa sauti ya chini wateja wasisikie. Miwani hakutaka hata kuisikia ikitajwa. "Fundi mvaa miwani nani atampa injini yake?" alikuwa akisema.

Siku za mwisho za Ramadhani ililetwa trekta ya bwana mmoja mwenye mashamba ya mpunga huko Mwera. Dereva wake, jirani yetu wa mlango wa pili, alilalamika kuwa asubuhi nyingine stata, ile mota ya kuwashia, inazunguka bure, inapiga kelele tu na injini haishtuki. Baba alijua mara moja. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, nalo limevikwa ringi ya meno. Meno yakilika, stata haina pa kushika. Lakini kubadilisha ringi ilikuwa kazi: trekta ifunguliwe katikati iwe vipande viwili, kisha isubiriwe ringi mpya mpaka ije na meli.

Baba akaitoa stata, akaenda mbele kuizungusha injini polepole kwa hendeli, kile chuma cha kuwashia kwa mkono. Mimi nikachungulia tunduni na tochi.

"Nihesabie mabovu," aliniambia. "Yakiwa mawili matatu, tutamalizia nayo kilimo. Yakiwa mengi yamefuatana, tunaifungua leo leo."

Nikahesabu. Yalikuwa kumi na moja, yamefuatana, ncha zimelika kama kipande cha sabuni. Sasa, mimi nilikuwa nimeshawaahidi wenzangu saba wa chuoni kwamba Idi tutapanda tela la trekta ile mpaka viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja. Dereva alikwisha kubali, na nilikuwa nimejigamba siku nzima.

"Mangapi?"

"Matatu, baba."

"Yamefuatana?"

"La. Moja hapa, jengine kule."

Hakuuliza tena. Akairudisha stata mahali pake.

Idi tukapanda. Tela limepambwa makuti, sisi na nguo mpya na wanja, tukaimba mpaka sauti zikakauka, na dereva akatuzungusha mara mbili. Nilifurahi, sitakudanganya.

Wiki mbili baadaye, bondeni Mwera, mvua imekaribia na nusu ya bonde haijalimwa, stata ikakataa kabisa. Dereva akachukua hendeli. Injini ikarudi nyuma kwa nguvu, hendeli ikamvunja mkono wa kulia. Mkono ulipona umepinda, na usukani hakuushika tena. Akawa anauza njugu kwenye kona yetu, akinipimia kwa mkono wa kushoto na kila mara akiniongeza. "Chukua, mtoto wa fundi." Nikachukua, nikala.

Lakini kabla ya hayo, trekta ilipovutwa mpaka gereji ikafunguliwa, mwenye mali alikuja anafoka, watu wamejaa. Nilikuwa mlangoni na bakuli la chakula. Baba ameinama, anapitisha kidole gumba juu ya meno, moja moja, midomo inahesabu. Kilipofika kwenye la kumi na moja kikasimama. Akainua uso akanitazama. Kisha akamgeukia yule bwana.

"Macho yangu, bwana. Siku nyingi sioni karibu. Nilihesabu vibaya."

Akayasema hayo mbele za watu, yeye aliyeficha miaka yote. Wiki ile ile akanunua miwani. Ringi mpya ilipofika aliipasha moto kwenye jiko la mpika halua, kwa vifuu, na watoto wa mtaa wote wakaja kutazama chuma kikivishwa kingali moto. Mimi nilijifungia ndani. Hakunigombeza hata siku moja, wala hakuniita tena kumtazamia kitu.

Gereji ile sasa ni duka la vinyago vya wageni. Jiko la halua halipo, baba na dereva wametangulia mbele ya haki, na sikumtaka radhi hata mmoja wao. Ile sindano ya juzi nilitaka kuipapasa, nione kama uzi umepita kweli. Nikajizuia, nikaanza kushona. Baba aliniamini bila kunichungulia, na mimi sina uso wa kumchungulia mtoto wa mtu.